Kigari cha mapacha kwa barabara za mitaani Dodoma, ninunue kipi?

MamaMapacha_Nkuhungu
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada kwa wenye uzoefu maana kila ninayemuuliza ananijibu lake. Nina mapacha, Kulwa na Doto, wana miezi minne, shingo zimeshakaza ila kukaa bado. Mpaka sasa kliniki naenda na dada wa nyumbani, mimi nabeba mmoja yeye mmoja, ila dada anaondoka mwisho wa mwezi anarudi kwao Mpwapwa na baba watoto anatoka asubuhi sana kwenda kazini kule mji wa serikali Mtumba anarudi giza limeshaingia, kwa hiyo mchana nitakuwa peke yangu na wote wawili. Nimeona vigari viwili. Kimoja ni kipya, kipo Kariakoo, watoto wanakaa pembeni kwa pembeni, kizuri kweli ila tairi zake ni ndogo za plastiki, mbili mbili kila mguu. Cha pili ni mtumba hapahapa mjini, mmoja anakaa mbele mwingine nyuma, tairi kubwa za upepo ila kitambaa kimepauka. Kutoka kwangu mpaka lami ni mchanga mtupu na kuna korongo dogo la kuvuka. Mngekuwa nyie mngechukua kipi? Bajeti yangu isizidi laki nne.

Bibi_Ilazo
Hongera mama Kulwa, Mungu akukuzie. Mimi nina wajukuu mapacha, wanakimbilia miaka miwili sasa, na mama yao alianza na hiko cha pembeni kwa pembeni. Uzuri wake watoto wanaonana, hakuna anayelia kisa kawekwa nyuma, na viti vyote viwili vinalala sawa. Kwa umri wa wako hilo la kulala ndio la kwanza kabisa, mtoto ambaye hajaweza kukaa mwenyewe anatakiwa alale chali, sio akae kajikunja kidevu kimegusa kifua, anapata shida kuhema. Sasa hivi vya mbele na nyuma vingi utakuta kiti kimoja tu ndio kinalala vizuri, hiko kingine kinaegama kidogo basi, nenda ukavishushe vyote kwa mkono wako uone, usikubali maneno ya muuzaji. Shida ya cha pembeni ni upana, vingi vinacheza kwenye sentimita 75 hivi na milango ya ndani ya nyumba zetu nyingi haifiki hapo. Kile cha kwetu kilikuwa kinalala kibarazani mwezi mzima vumbi likijaa. Pima mlango wa mbele, geti dogo, na korido kama upo nyumba ya kupanga.

fundi_wa_Kikuyu
Mama mapacha achana na tairi za plastiki kwa njia uliyoitaja. Mimi ni fundi baiskeli, hivi vigari naletewa mara kwa mara, na vile vya tairi ndogo vinakufa sehemu ileile, mchanga unaingia kwenye ekseli tairi ya mbele inagoma kuzunguka, mtu anasukuma kwa hasira inakatika pale ilipochomekwa na spea yake hakuna. Tairi kubwa inapita juu ya mchanga, ndogo inazama, ni hivyo tu.

Ila za upepo nazo lazima nikwambie ukweli, Dodoma ni mbigili na miiba ya migunga. Mbigili ndio mbaya zaidi kwa sababu ni kadogo, kanajibandika kwenye raba hukaoni, kigari kinalala kizima asubuhi kiko chini. Kwa hiyo kabla hujalipa angalia namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ikiwa 12 au 16 kama za baiskeli za watoto hapo huna wasiwasi, tyubu zake zinapatikana na kuziba ni kazi ndogo kwa fundi yeyote. Ikiwa saizi ya ajabu ajabu utahangaika. Kuna na zile zilizojaa foma ndani hazipati pancha, ukizipata kubwa chukua. Na tairi za mbele zinazozunguka huwa zina kitufe cha kuzifunga zinyooke, ukifika kwenye mchanga zifunge, ukizidiwa kabisa geuza kigari ukivute kwa nyuma, kinapita.

MamaMapacha_Nkuhungu
Asanteni sana jamani, fundi umenifungua macho. Bibi nimepima sasa hivi na futi ya cherehani, mlango wa mbele sentimita 84, wa chumbani 71. Kwa hiyo cha pembeni kinaishia sebuleni. Na je bajaji inaingia? Kuna siku inabidi niende mpaka hospitali ya General.

mama_Tatu_Kisasa
Shoga mimi nitakuwa tofauti kidogo. Wangu sio mapacha, wamepishana mwaka na nusu, nilinunua cha watu wawili nikakiuza, maana kukikunja peke yako huku umeshika mtoto na dereva wa bajaji anapiga honi ni mtihani. Vingi vina uzito wa kilo 13 mpaka 16 kabla hujaweka mtoto. Bajaji kinaingia kikiwa kimekunjwa, kinasimama miguuni, wewe na watoto mnakaa juu, ila umwambie dereva kabisa asipakie abiria mwingine. Daladala usijaribu. Sasa hivi mkubwa anakaa kwenye kigari cha mmoja na mdogo nimemfunga mgongoni na kanga, nafika sokoni Majengo narudi bila shida. Kwako ni wawili wadogo sawa kwa hiyo najua utakihitaji, ila mbeleko usiitupe.

nesi_mstaafu
Naongezea la jua. Watu wengi wakiona jua la saa saba wanafunika kigari chote na kanga au kitenge wakidhani wanamkinga mtoto. Hewa haizunguki, ndani kunakuwa na joto kali kuliko nje na wewe humuoni. Tafuta chenye kofia inayoshuka mpaka chini na kadirisha ka wavu juu, na kwa pepo zetu za kiangazi beba neti nyepesi ya kuzuia vumbi, basi. Mikanda iwe ya kupita mabegani, kiunoni na katikati ya mapaja, usikubali ya kiunoni peke yake. Na mfuko wa sokoni weka kwenye kikapu cha chini, ukiuning'iniza kwenye mshikio siku ukimtoa mmoja kigari kinabinuka na aliyebaki.

fundi_wa_Kikuyu
Nesi kasema vizuri. Kwenye huo mtumba kitambaa kupauka sio hoja, kinafuliwa au kinashonwa kingine. Kagua kutu kwenye maungio, kikunje na kukikunjua mara kadhaa usikie kama kufuli linalia tak, halafu kiweke kwenye mteremko, piga breki, weka mzigo ndani kama mfuko wa unga kilo 10 kila kiti. Kikisogea kiache.

MamaMapacha_Nkuhungu
Nimemwonyesha baba Kulwa haya yote, Jumamosi tunaenda kukagua huo mtumba na unga tunabeba. Kikilala viti vyote viwili tunalipa, kikigoma hata kimoja tunasubiri. Kama kuna mtu hapa mjini anauza cha tairi kubwa chenye viti vinavyolala vyote naomba aniandikie, hata kama kitambaa kimechanika.