MJADALA: Daktari anayepima ombi la kusaidiwa kufa asomeshwe kiasi gani mambo ya akili?

Wadau habari zenu. Nafanya kazi ya kutunza wazee huku Kanada na hili suala linaninyima usingizi, naomba tulijadili.

Kwa wasiofuatilia, kusaidiwa kufa (huku wanaita MAID) kumeruhusiwa tangu 2016. Mwenye ugonjwa wa akili tu, bila ugonjwa mwingine, bado haruhusiwi, walisema ataruhusiwa 2023, wakasogeza 2024, sasa ni 17 Machi 2027. Mtaala wa taifa wa kuwafundisha madaktari na manesi ulitoka 2023. Sasa kuna jamaa yangu tumebishana wiki nzima, yeye anasema mafunzo ya akili yasubiri hiyo 2027, kwa sasa wanaoomba wengi ni watu wa kansa na akili zao timamu, daktari ajue nini zaidi?

Mimi nakataa. Mwaka 2023 walikufa kwa njia hii watu 15,343, na kati yao 622 tu ndio ambao kifo chao cha kawaida kilikuwa bado hakionekani karibu. Hao 622 sheria inawalinda, tathmini lazima ichukue siku zisizopungua 90 na mtu anayeujua ugonjwa wenyewe ahusishwe. Waliobaki wote, wa kansa, wa moyo, wa mapafu, zile siku 10 za kusubiri zilifutwa 2021. Na mtu wa kansa anapata sonona kama mtu mwingine yeyote, tena zaidi! Kwa hiyo hapo kinachobaki ni wale wapimaji wawili ambao sheria inataka walipime kila ombi, na jicho lao, kama hawakufundishwa kuiona sonona nani ataiona?

Kuna mzee nilimhudumia, ana kansa, akaomba. Uji anauacha mpaka unafanya utando juu, hajibu mtu, daktari aliyekuja akamuuliza maswali amesimama mlangoni, mzee anatikisa kichwa tu ndio ndio. Nilipombadilishia betri ya kile kifaa cha sikio ndio nikajua siku zote zile alikuwa hasikii kitu. Akaanzishiwa dawa za sonona, ombi akaliacha mwenyewe. Miezi kadhaa mbele maumivu yalipozidi akaomba tena, safari hii anaeleza taratibu kwa nini, anataja na nani awepo. Ombi ni lile lile lakini mtu ni mwingine kabisa, na kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi ninayotaka daktari asomeshwe, siyo kujaza fomu ya uwezo wa kuamua.

Halafu kuna sisi. Mama zetu wako huku wanazeekea huku, mama wa Kiswahili akisema "nimechoka na dunia hii, Mungu anichukue tu" wewe na mimi tunajua anaweza kuwa analalamikia upweke, au wanawe hawapigi simu. Mkalimani akilitafsiri neno kwa neno kwa daktari ambaye hajui kuuliza swali la pili, itakuwaje?

Kuna wanaoniambia nikilazimisha mafunzo madaktari wachache waliopo watajitoa na mgonjwa mwenye maumivu makali atasubiri. Hiyo hoja naiheshimu, nimeona maumivu hayo kwa macho yangu. Ila bado nasema iwe lazima kwa kila anayepima, hata mgonjwa awe wa kansa tupu. Nyie mnaonaje, hasa mlioko mahospitalini?