Naomba ushauri: nimpendekeze msimamizi wangu kwa tuzo kabla sijatetea tasnifu?

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma, mwaka wa nne wa PhD, nafanya utafiti wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Chuo chetu kinapokea mapendekezo ya tuzo ya msimamizi bora wa wanafunzi wa uzamivu, na sisi wanafunzi tunaruhusiwa kuandika barua.

Wangu anastahili, hilo sina shaka. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nilikuwa katikati ya kukusanya takwimu. Pale mwaloni Kibirizi mitumbwi imetulia mchangani, mimi na mizani yangu hatuna cha kupima. Mwingine angeniambia nisubiri. Yeye alinipigia jioni ileile, tukaigeuza sura nzima ya tasnifu: nikaacha kupima samaki, nikaanza kuwahoji akina mama wanaoanika dagaa, wanaishije bila mzigo. Leo ndiyo sura ninayojivunia zaidi. Na rasimu zangu hazilali kwake. Zinarudi wino mwekundu mpaka kwenye koma. (Kwa koma anaudhi, nakiri.)

Sasa shida: natetea miezi michache ijayo. Barua hii haitaonekana najipendekeza? Mke wangu anasema ningoje nimalize, ila dirisha linafungwa mwisho wa mwezi. Tena tuko watatu chini yake. Tuandike barua moja au kila mtu yake? Na hayo ya kubadili sura niyataje, au kamati itadhani utafiti uliyumba?

Mliowahi kukaa kwenye kamati hizi, nisaidieni.