Nikiomba karatasi naambiwa mjuaji

Madereva wenzangu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Nimerudi nyumbani saa 3 usiku, hesabu ya tajiri mwenye gari haijatimia, na mke wangu kaniuliza suali moja tu: "Leo tena?" Leo tena.

Mie naendesha daladala huku Unguja, njia ya 116, mjini hadi Nungwi. Wanaoijua njia hiyo wanajua ni kilomita 60 hivi, kwenda tu. Leo safari ya kwanza nimesimamishwa na askari wa trafiki mara nne. Mara nne! Leseni, bima, kibali cha njia, washa taa, kanyaga breki, mtungi wa moto uko wapi. Sawa, ndiyo kazi yao. Lakini alichokagua wa kwanza, wa pili hana habari nacho, wa tatu ndiyo kabisa, na wa nne alikuwa hana haraka ya dunia hii. Abiria wanaguna. Nyuma nina bibi mmoja na matenga yake ya tungule anapeleka hotelini, na vijana wa zamu ya asubuhi ambao mabosi wao hawataki kusikia habari za trafiki.

Huyo wa nne hakukuta kitu. Akaizunguka gari mara mbili, akarudi dirishani, akaniambia kibao changu cha njia kimefifia. Kimefifia, jamani! Jua la kaskazini linakula rangi za mashua, sembuse kibao. Nikamwambia, sawa afande, kama ni kosa niandikie. Akanitazama kama nimemtukania mamaake. "Wewe mjuaji sana. Weka gari pembeni."

Dakika 25 nimekaa pale. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyenitajia kifungu. Mwisho konda wangu akashuka, akaenda nyuma ya gari, akarudi, tukaondoka. Sikumuuliza katoa ngapi. Nimekuja kuliona pengo jioni tunahesabu.

Lakini kilichoniuma si hicho. Nikiwa pale pembeni akaja mzungu na vespa ya kukodi, mkewe nyuma, wote wawili vichwa wazi, nywele zinapepea. Akasimamishwa, akaonesha kibali chake. Kizungu changu cha abiria, lakini neno "risiti" nalijua, na mzungu kalisema mara mbili. Haikupita dakika, kapungiwa mkono aende zake. Na vichwa wazi vilevile! Yaani karatasi ninayoiomba mie ninaitwa mjuaji, mwengine akiiomba anafunguliwa njia. Na kosa lake ndilo linalopasua watu vichwa, langu mie ni rangi.

Sisemi sisi malaika. Sikukuu iliyopita nilizidisha watu mpaka mlango haufungi, nikakamatwa, na nilistahiki. Wapo wenzetu wanaofukuzana barabarani kugombania abiria mmoja wa nauli ya kituo kimoja, hao hata mie nikiwaona nawaombea wasimamishwe. Na askari tunawataka, tena usiku khasa, gari za mchanga zinapopita bila taa ya nyuma. Saa hizo mie sijaona mkono wa mtu ukinyanyuka.

Ninachogombea ni kimoja: andika. Zanzibar tuna sheria yetu ya usafiri wa barabarani, Namba 7 ya 2003, basi nioneshe kibao kilichofifia kimo wapi humo. Jeshi la Polisi ni moja, la Muungano. Bara askari wa jeshi hilohilo anakuandikia faini, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Usipolipa, huko mbele wakiingiza namba ya gari deni linaonekana. Si kwamba Bara hakuna ya pembeni, shemegi yangu yuko Dar na visa vyake ananihadithia kila akija. Lakini akiandikiwa, anajua kaandikiwa nini. Mie mwaka huu wote sijashika karatasi hata moja, na pesa zimetoka. Zimeingia wapi? Kama ni faini, serikali imekosa yake. Kama si faini, basi tuite jina lake.

Mtu ataniambia nenda ZAECA, wale wa kupambana na rushwa Zanzibar. Niende na nini mkononi? Aliyetoa ni konda, aliyepokea hakuandika, na shahidi wangu ni bibi wa tungule, ambaye aliteremka ananilaani mie kwa kumchelewesha. Tajiri naye hataki hadithi. Kwake yeye pesa iliyopungua nimeila mie. Mara mbili sasa kaniambia wapo vijana wengi wanaoitaka hiyo gari.

Basi nimechukua daftari la skuli la mwanangu, kurasa zilizobaki. Kuanzia kesho alfajiri konda anaandika: saa, pahala, kimekaguliwa nini, kimetoka nini. Kama wao hawaandiki, tutaandika sisi. Nikiulizwa hilo daftari la nini nitasema ni la hesabu, na si uongo.

Wa Kiwengwa na Matemwe, wa Paje na Makunduchi, na nyie wenzetu wa Pemba: mnaandikiwa huko, au ni wajuaji vilevile?