Bendi inanitaka mbele ya jukwaa, lakini solo wanampa mwingine. Nikubali?

Nyuzi_Sita (Lubumbashi, Kampemba)

Wakubwa kwa wadogo, jambo. Naomba ushauri, hasa wa wale waliokaa kwenye muziki.

Mimi ni binti, napiga gitaa la solo. Nilianza katika korali ya kanisa nikiwa sekondari, kwa gitaa kavu la kaka yangu, kisha nikahamia la umeme. Sebene, ile sehemu ya kasi ambapo magitaa hutawala na watu hucheza, naipiga; mi-solo, gitaa la kati ya solo na rithimu, naijua. Nasema hivi ili mjue kuwa swali langu si la mtu anayetafuta akodi za kwanza.

Kuna bendi moja ya hapa mjini inayopiga harusi na sherehe, Bel-Air, Golf, mara nyingine mpaka Kipushi. Kiongozi wao alinisikia kanisani, akaniita mazoezini. Nilipiga nao, wote wakaridhika. Baadaye akanieleza masharti. Nitasimama mbele kabisa pamoja na waimbaji. Nguo watachagua wao. Nitapiga rithimu. Solo itabaki kwa kijana anayesimama nyuma, karibu na ngoma, na ikifika sebene mimi nicheze huku nimeshika gitaa, sauti ya ampli (kikuza sauti) yangu ipunguzwe. Sababu alinipa bila kuficha: watu wakiona msichana na gitaa, bendi itaitwa kila Jumamosi. Na malipo yangu yatakuwa sawa na ya wachezaji dansi, si ya wapiga vyombo.

Nyumbani nako si kwepesi. Baba mdogo anasema gitaa la usiku litanikosesha mume. Kiongozi wa korali amesikia habari hizi na ameniambia nichague, kanisa au harusi.

Upande wa pili ni huu: sina bendi nyingine, na kupiga chumbani peke yangu hakunikuzi tena. Niingie hivyo hivyo, nikaombe nafasi yangu nikiwa ndani? Au nikatae sasa?

Papa_Besi (Kamalondo)

Mwanangu, pole, na hongera kwa kufika hapo.

Mimi ni mtu wa besi, nimezeeka nyuma ya waimbaji. Unachoelezwa na huyo kiongozi si kipya. Muziki wetu umewapa wanawake maikrofoni na dansi, na wamevifanyia makubwa. Mwimbaji Mbilia Bel alipokuwa na Tabu Ley katika bendi ya Afrisa, nchi nzima ilisimama kumsikiliza. Tshala Muana, mtoto wa mji huu huu, alianza kama mchezaji dansi akawa jina la Afrika. Lakini magitaa nyuma yao yalishikwa na wanaume, na sisi wanaume tuliona hivyo ndivyo mambo yalivyo. Hakuna aliyekaa chini akaamua. Tulizoea tu, na mazoea yakageuka kuwa kama sheria.

Utasikia wanasema mikono ya mwanamke ni midogo, nguvu hana. Usiwasikilize. Gitaa lililoutangaza mji huu duniani ni la Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Mwenda alikuwa akipiga kwa vidole viwili, gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye besi, shahada inaimba juu. Nguvu iko wapi hapo? Ni kusikia, na ni uvumilivu wa kurudia.

Kinachoniuma katika maelezo yako si nguo, wala si kusimama mbele. Ni ile ampli kupunguzwa. Mpiga gitaa ukimshusha sauti mbele ya watu, umemwambia kuwa kazi yake ni kuonekana. Nguo mtajadiliana, pesa mtajadiliana. Hilo la sauti usilikubali hata kwa wiki moja, maana fundi wa mitambo akishazoea kukushusha, atakushusha siku zote bila kuambiwa.

Mwana_Ruashi

Kwa heshima ya papa hapo juu, mimi naona tofauti kidogo. Bendi za harusi ni biashara. Mwenye harusi analipa ili wageni wafurahi, na kiongozi anatafuta kitu ambacho bendi nyingine haina. Hata sisi wanaume tunavishwa suti za rangi tusizozipenda na kuambiwa tusimame wapi. Mpiga rithimu mpya popote hapewi solo siku ya kwanza. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye rithimu muda mrefu kabla ya kuaminiwa.

Dada, ingia, jifunze repertwari yao yote, sehemu ya solo nayo ishike kimya kimya. Siku huyo kijana akiumwa au akisafiri Kasumbalesa, nani atapiga? Ni wewe. Wengi wamepata nafasi kwa njia hiyo.

Lakini kwenye malipo uko sahihi kulalamika. Ukipiga chombo, ulipwe kama mpiga chombo.

Mama_wa_Katuba

Binti yangu, mi sijue mambo ya solo na mi-solo. Lakini juu ya baba yako mudogo nakuambia hivi: habaogope gitare, banaogopa usiku. Uliza hiyo bendi, kisha harusi, saa nane ya usiku, nani atakurudisha mpaka nyumba? Hiyo njo kintu ya kwanza ya kuuliza, mbele ya pesa. Mukubwa wa bendi akuye mwenyewe kwenu, aikale na bakubwa, aseme saa ya kutoka na saa ya kurudi. Baba mudogo akiona mutu mukubwa amekuya kumuomba, roho yake itatulia. Na kama huyo mukubwa anakataa kukuya, basi umeisha kumujua.

Mwalimu_Bukavu

Nafuatilia uzi huu kutoka Bukavu. Mimi nafundisha, na nimekuwa nikisoma na kusikiliza habari za wanawake wapiga gitaa kwa muda. Nakuletea mifano michache kwa sababu masharti uliyopewa, karibu kila moja, yamewahi kumkuta mwingine.

Umesema ulianza kwa gitaa la kaka yako. Fatou Seidi Ghali, wa kijiji cha Illighadad nchini Niger, alijifunza mwenyewe kwa gitaa ambalo kaka yake alilileta kutoka Libya. Kwa Watuareg, watu wake, gitaa ni la wanaume, na wanawake wana tende, ngoma wanayoipiga wakiimba na kupiga makofi. Jambo ambalo wengi hawalitaji ni kwamba mapigo ya gitaa la wanaume yalichota mengi kwenye tende hiyo. Yaani wanaume walichukua muziki wa mama zao, wakauweka kwenye nyuzi sita, kisha binti akishika nyuzi hizo hizo anaonekana ameingia pasipo pake. Fatou alianzisha kundi, Les Filles de Illighadad, linalounganisha tende na gitaa, na wamepiga Ulaya na Marekani.

Kuhusu kanisa, msome Elizabeth Cotten wa North Carolina, aliyezaliwa 1893. Naye alianza kwa banjo ya kaka yake. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na kwa kuwa chombo kilikuwa cha mtu wa kulia, alikigeuza chini juu, gumba likawa linapiga sauti za juu na vidole vinapiga besi. Hakuna aliyemfundisha, mtindo huo umebaki na jina lake. Lakini wazee wa kanisa walimwambia kuwa nyimbo zake za dunia haziendi pamoja na kumtumikia Mungu, naye akaweka gitaa chini kwa miongo mingi, akilea watoto wa watu na kufanya kazi za nyumbani. Alilirudia akiwa mzee, alipokuwa akifanya kazi kwa familia ya Seeger, familia ya wanamuziki. Mwaka 1985 alipata tuzo ya Grammy, akiwa na miaka zaidi ya 90. Watu husimulia habari hii kama ya furaha. Mimi kila nikiifikiria nawaza ile miongo katikati. Nani ataturudishia nyimbo ambazo hakuzitunga?

Mwingine ni Sister Rosetta Tharpe, mtoto wa mama mhubiri. Yeye alikataa kuchagua. Alipiga nyimbo za Injili kwa gitaa la umeme makanisani na kwenye kumbi za starehe, akalaumiwa na waumini, akaendelea. Wapigaji wengi wa rock and roll walipita njia aliyoifungua. Alifariki 1973, na ukumbi wa heshima wa muziki huo, kule Marekani, ulimwingiza mwaka 2018. Hesabu mwenyewe miaka.

Na kwa wale wanaosema wanawake hawapendi gitaa: kampuni ya magitaa ya Fender ilitoa utafiti mwaka 2018 uliohusu Marekani na Uingereza, ukaonyesha kuwa karibu nusu ya wanaoanza kujifunza ni wanawake. Lakini jarida la Rolling Stone lilipotaja wapiga gitaa bora 100 mwaka 2003, wanawake walikuwa wawili, Joni Mitchell na Joan Jett. Wanaoanza wapo. Wanapotea kati ya chumba cha kujifunzia na jukwaa, hapo hapo ulipo wewe sasa.

Ndugu Mwana_Ruashi, nimekuelewa, na ushauri wa kujifunza sehemu zote ni mzuri. Lakini wewe ulipowekwa kwenye rithimu, ampli yako ilikuwa inasikika. Hujaambiwa ushike gitaa ucheze. Ndiyo tofauti.

Mwana_Ruashi

Mwalimu, hapo umenishika. Kweli, hakuna aliyewahi kunishusha sauti.

Nyuzi_Sita

Asanteni sana, wote. Mama, nimeyasoma maneno yako kwa sauti, mama yangu akiwa karibu, akatikisa kichwa kukubali. Hajawahi kusema lolote juu ya jambo hili, kwa hiyo kwangu ni kubwa.

Mwalimu, habari za Elizabeth Cotten zimenikaa moyoni. Sitaki kuacha korali, na sitaki kuacha gitaa la harusi. Sioni dhambi katika kumchezesha bibi arusi na wazazi wake.

Swali langu sasa ni la vitendo. Nikirudi kwa kiongozi na kumwambia nataka sauti yangu isikike na nataka solo, atasema binti huyu ana kiburi. Nianzie wapi? Pia, kuna anayejua kundi la wanawake watupu lililofanikiwa Afrika? Kuna wenzangu wawili, mmoja anapiga besi, mwingine ngoma, tumewahi kuwaza.

Fundi_Ampli (Kenya, Lubumbashi)

Dada, mimi natengeneza vyombo hapa komini ya Kenya. Nikupe njia ambayo haihitaji maneno mengi. Rekodi nyimbo tatu za bendi yao kwenye simu, wewe ukipiga solo juu ya rithimu yoyote. Usiweke jina, usiweke picha. Mpe mtu wanayemheshimu awasikilizishe na kuuliza, "Huyu mnamwonaje?" Waache waseme kwanza. Orkesta kubwa za Marekani zilianza kuweka pazia wakati wa majaribio, hasa kuanzia miaka ya 1970, majaji wakawa wanasikia bila kumwona anayepiga, na wanawake wengi zaidi wakaingia. Sikio likitangulia, jicho linapata taabu kulikanusha.

La pili, chombo chako kiwe tayari. Wasichana wengi huletwa kwangu na gitaa ambalo nyuzi ziko juu sana ya shingo, nene, mkanda mrefu wa kaka mtu, halafu wanaambiwa vidole vyao ni dhaifu. Gitaa kama hilo lingemtesa hata mwanamume. Weka seti ya nyuzi nyepesi, uzi mwembamba kabisa uwe namba 9 au 10, tushushe daraja linaloinua nyuzi, fupisha mkanda mpaka gitaa likae pale pale ukikaa na ukisimama. Kama utapiga umesimama muda mrefu, mkanda mpana ni bora, bega lisichoke. Na beba jaki yako mwenyewe, waya wa kuunganisha gitaa na ampli, isiwe sababu ya mtu kukunyamazisha.

Mwalimu_Bukavu

Kuhusu kundi la wanawake: Les Amazones de Guinée. Lilianzishwa 1961 Conakry, ndani ya jandarmeri (polisi wa kijeshi), wanawake wenye sare za kazi. Walianza na vyombo visivyo vya umeme, baadaye wakashika magitaa ya umeme, saksofoni, ngoma, kila kitu. Mwaka 1977 walikuwa Lagos kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu weusi na Waafrika. Sikiliza solo zao, utasikia hakuna aliyekuwa anashika gitaa kwa ajili ya picha. Ila angalia: walikuwa na mshahara wa serikali na vyombo vya serikali. Ninyi watatu mtahitaji vyombo na mahali pa mazoezi kabla ya jina. Msikimbilie kuacha bendi zenye vyombo. Fanyeni yote mawili kwa muda.

Papa_Besi

Mwanangu, kiburi si kutaja bei ya kazi yako. Nenda kwake mchana, si siku ya mazoezi mbele ya vijana, ili asijione anashindwa mbele ya watu wake. Usiombe solo zote. Omba nyimbo mbili, uzitaje kwa majina, ziwe zile ambazo sebene yake umeishika vizuri zaidi. Katika hizo, ampli yako iwe sawa na ya yule kijana, na yeye apige rithimu. Nyingine zote utampigia yeye rithimu, kwa moyo wote, maana mpiga solo asiyejua kumbeba mwenzake hatufai sisi wa besi. Malipo yawe ya mpiga chombo kuanzia harusi ya kwanza. Nguo, mwambie utavaa rangi ya bendi, mshono utachagua wewe na mama yako.

Akikubali mawili kati ya haya na kukataa malipo, rudi hapa tuzungumze. Akikataa sauti, muage kwa adabu, uwaite wale wenzako wawili. Nina besi ya zamani nyumbani isiyopigwa na mtu. Huyo binti wa besi anaweza kuitumia mpaka apate yake.