White City, London: mbio za mbwa ziliuokoa uwanja huu au ziliumaliza?

Msomaji wa Kale

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Katika kusoma habari za Kombe la Dunia la mwaka 1966 nchini Uingereza, nimekutana na jambo lililonishangaza. Mechi ya Uruguay na Ufaransa ya tarehe 15 Julai haikuchezwa Wembley kama mechi nyingine za kundi lile, bali ilihamishiwa White City, kwa sababu jioni hiyo Wembley palikuwa na mbio za mbwa na wenye uwanja walikataa kuziahirisha. Ikiwa mbio hizo zilikuwa na nguvu ya kuhamisha mechi ya Kombe la Dunia, ilikuwaje White City, iliyokuwa makao ya mashindano makubwa kuliko yote ya mchezo huo, ikafungwa na kubomolewa kabla ya miaka 20 kupita?

Mwanahistoria

Ndugu Msomaji, inafaa tuanzie nyuma kidogo. White City haikujengwa kwa ajili ya mbwa, bali kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1908, na baada ya michezo hiyo uwanja ule mkubwa ulikosa matumizi ya kudumu, ukadorora kwa miaka mingi. Kilichoufufua ni uvumbuzi wa Mmarekani Owen Patrick Smith, aliyetengeneza sungura wa bandia anayeendeshwa kwa mashine ili mbwa wamfukuze, na kufungua uwanja wa mbio huko Emeryville, California, mwaka 1919. Uingereza iliupokea mchezo huo katika uwanja wa Belle Vue, Manchester, Julai 1926, na Juni 1927 White City ikafungua milango yake kwa mbwa. Mwaka huohuo ikaanzishwa Derby, yaani yale mashindano makubwa kuliko yote ya mbio za mbwa, ambayo iliendelea kufanyika hapo hadi mwaka 1984.

Mpangilio wenyewe ulikuwa wa kuvutia. Mbwa sita walitoka vizimbani kwa pamoja, kila mmoja akiwa amevaa koti la rangi yake: nyekundu, buluu, nyeupe, nyeusi, rangi ya chungwa, na la sita lenye michirizi myeusi na myeupe, ili hata aliyekaa jukwaa la mbali aweze kumfuata mbwa aliyemwekea dau. Mwendeshaji wa sungura alihitaji jicho kali, kwa maana alipaswa kumweka mbele ya mbwa anayeongoza muda wote, asimwache mbali mno wala asikubali anaswe.

Mpenzi wa Mbio

Nadhani haifai kuizungumzia White City bila kumtaja Mick the Miller, mbwa kutoka Ireland ambaye mmiliki wake wa kwanza alikuwa padri. Mwaka 1929 aliuzwa kwa gini 800 (gini ni kipimo cha fedha cha zamani cha Uingereza) mara baada ya kung'ara katika raundi ya kwanza ya Derby, akatwaa taji, kisha akalitwaa tena mwaka 1930. Mwaka 1931 alitangulia kufika tena katika fainali, lakini waamuzi wakaifuta mbio hiyo kwa sababu mbwa mwingine alikuwa amewaingilia wenzake, na iliporudiwa yeye hakuambulia ushindi. Kwa maoni yangu ni yeye, kuliko tangazo lolote, aliyeufanya mchezo huu upendwe na watu ambao hawakuwa na haja ya kucheza kamari.

Mchambuzi

Nikirejea swali la msingi, mimi naona chanzo ni sheria ya kamari. Kuanzia Mei 1961 maduka ya kuchezesha kamari yaliruhusiwa kufunguliwa mitaani, na mtu hakuwa tena na sababu ya kwenda uwanjani ili aweke dau kihalali kwa fedha taslimu. Majukwaa yaliyojengwa kwa ajili ya maelfu ya watu yakaanza kubaki matupu, ilhali gharama za kuyatunza hazikupungua.

Msomaji wa Kale

Nashukuru sana, lakini Walthamstow, uwanja mwingine wa mbwa jijini humo, uliendelea hadi mwaka 2008. Je, maduka hayo hayakuwahusu wao?

Mwanahistoria

Yaliwahusu, na hapo ndipo inapoonekana sababu ya pili, ambayo mimi naipa uzito zaidi, nayo ni umiliki. Walthamstow ulikuwa mikononi mwa familia moja, ya Chandler, tangu ulipofunguliwa mwaka 1933, na biashara ya familia hiyo ilikuwa mbio zenyewe. Kampuni iliyomiliki White City ilikuwa imejiingiza katika biashara ya majengo na ardhi, na soko hilo lilipoporomoka katikati ya miaka ya 1970 ikaelemewa na madeni. Kwa mwenye deni, eneo kubwa namna ile magharibi mwa London lilikuwa na thamani kubwa zaidi likiuzwa kuliko likiendelea kutumiwa kwa mbio za mbwa. Mbio za mwisho zilifanyika Septemba 1984, ubomoaji ukafuata mwaka 1985, na BBC ikajenga majengo yake mahali hapo. Derby ilihamia Wimbledon, uwanja ambao nao ulifungwa mwaka 2017 kupisha ujenzi.