Mnaouziwa apatimenti za Zanzibar hapa Lubumbashi, someni kabla hamjatoa dola

Wandugu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, nina hasira na sitaomba radhi. Kuna watu wanazunguka mjini kwetu na picha za bahari ya buluu, wanawaambia wafanyabiashara: nunua nyumba ya likizo Zanzibar, wageni watailipia, wewe utakwenda kupumzika bure. Mimi ninayo. Nina hati, nina funguo, na kila mwezi natumiwa karatasi ya hesabu inayonipandisha presha.

Mgeni akilipa dola 100 kwa usiku mmoja, mtandao wa kukodi nyumba aliopitia unakata 15. Zinabaki 85. Kampuni inayosimamia jengo inachukua asilimia 25. Ya nini? Ya zile 100! Si ya 85 zilizoingia. Yaani wananitoza hata kwa pesa ambayo wao hawakuishika wala mimi sikuiona. Zinabaki 60. Akilala huo usiku mmoja tu, usafi na mashuka vinakula 15 nyingine. Na bado ada ya jengo: lifti, walinzi, bwawa la kuogelea, dizeli ya jenereta. Ada hiyo haiulizi kama kuna mgeni. Mwezi wa 4 na wa 5 masika yakishuka, watalii wanapungua hadi hoteli nyingine zinafunga milango, lakini karatasi inakuja vilevile, na safari hii mimi ndiye ninayedaiwa.

Halafu matengenezo. Chumvi ya bahari inakula vyuma, hilo nalikubali. Lakini kiyoyozi kilekile kinatengenezwa, kinatengenezwa tena, fundi ni wao, bei ni yao, risiti hakuna. Ukiuliza, unajibiwa kwa barua pepe ya heshima sana isiyo na jibu ndani.

Mkataba wetu ni wa dola. Mwaka 2025 Tanzania ilipiga marufuku bei za ndani kutajwa kwa pesa za kigeni. Sawa, ni sheria ya nchi yao. Jamaa wakaigeuza kisingizio: hesabu inakwenda kwenye shilingi kwa bei wanayoijua wao, kisha inarudi kwenye dola wanaponitumia, kwa bei nyingine. Nikaomba wanionyeshe bei ya benki ya siku hiyo. Mpaka leo kimya.

Na ile ahadi ya mapato ya uhakika, asilimia 8 kwa mwaka kwa miaka miwili? Ililipwa, sikatai. Muda ulipoisha mapato yakaporomoka. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mkenya mmoja, alipotaka kuuza hakupata mtu wa kukaribia bei tuliyonunulia. Ndipo tukaelewa: asilimia 8 ilikuwa pesa yetu wenyewe, imepachikwa kwenye bei tangu mwanzo, tunarudishiwa kidogo kidogo huku tukipiga makofi.

Lakini linalonikera kuliko yote ni hili la kupumzika bure. Mkataba unanipa wiki nne kwa mwaka. Ukishuka kwenye maandishi madogo, unakuta Julai, Agosti na sikukuu za mwisho wa mwaka mwenye nyumba haruhusiwi, eti ni msimu wa wageni. Watoto wetu likizo yao kubwa ni lini? Julai na Agosti! Kwa hiyo mke wangu na watoto waende Aprili, waache shule, wakaangalie mvua ya Zanzibar kana kwamba ya Lubumbashi haikuwatosha. Nilipotaka Julai, nikaambiwa nilipe kama mgeni mwingine yeyote. Kwenye nyumba yangu!

Ninayo nyumba nyingine Bel-Air, hapa hapa Lubumbashi. Haina bahari, umeme unakatika hovyo. Ila mpangaji alitoa garanti (amana ya kodi) ya miezi mitatu kama sheria yetu ya upangaji ya 2015 inavyosema, na akichelewesha kodi nawasha gari, nabisha geti, tunaongea kikubwa. Huko nitabisha geti la nani? Kwa barabara ni Kasumbalesa, Zambia nzima, Tunduma, Dar, halafu boti. Na mkataba unasema kesi yoyote isikilizwe Zanzibar.

Msidanganywe pia kwamba mnanunua kiwanja. Ardhi ya Zanzibar ni ya serikali (kama kwetu tangu 1973, hapo hatuna la kuwacheka). Mgeni anauziwa sehemu yake ndani ya jengo, chini ya sheria yao ya mwaka 2010, basi.

Mwenye apatimenti kule aandike hapa: asilimia yako inakatwa kwenye 100 au kwenye 85? Kuna aliyewahi kubadilisha msimamizi bila kwenda mahakamani? Tukiwa wengi tunaweza kugawana gharama za wakili mmoja wa hukohuko.

Na wewe komisioneri, dalali uliyeniuzia, uliyekula fungu lako hapa hapa mjini, ukanihakikishia kwamba Julai watoto watakuwa wanaogelea, najua unasoma kurasa hizi. Simu zangu hupokei. Jibu hapa, mbele ya watu.