Mrejesho: kupanga maktaba ya picha kwa digiKam

Ndugu zangu, nawashukuru mlionijibu nilipouliza namna ya kuunganisha picha zilizotawanyika kwenye diski kadhaa bila kupoteza lebo na maelezo yake. Nilifuata ushauri wa kutumia digiKam, programu ya kompyuta ya kupanga picha, na sehemu kubwa ya kazi imekamilika.

Lililonisaidia zaidi ni kuelewa kwamba programu hii huhifadhi lebo, nyota za kupima picha na maelezo katika hifadhidata yake, kwa hiyo anayehamia programu nyingine bila kuyaandika pia kwenye faili anaweza kuyaacha yote nyuma. Kwenye mipangilio ya metadata (taarifa zinazoambatana na picha) niliruhusu yaandikwe ndani ya picha za JPEG, na kwa faili ghafi za kamera (RAW) nikachagua faili ya pembeni ya XMP, yaani faili ndogo inayokaa kando ya picha na kubeba taarifa zake. Picha iitwayo IMG_2041.CR2, kwa mfano, sasa inaambatana na IMG_2041.CR2.xmp, na ukizihamisha nje ya programu ni lazima ziende pamoja.

Tarehe ndizo zilizonichosha. Picha zilizotoka kamerani zilijipanga zenyewe kwa kufuata Exif, yaani taarifa kama tarehe ambazo kamera huandika ndani ya picha, lakini zilizopitia WhatsApp huwa zimeondolewa taarifa hizo. Bahati nzuri, jina kama IMG-20190412-WA0003 hubeba siku ilipotumwa au kupokelewa, nami nikaijaza kwa zana ya kurekebisha muda, ingawa si lazima iwe ndiyo siku ya kupigwa.

Utambuzi wa sura nimeuacha kwa sasa; ninaanza na nakala zinazojirudia.